Kitambaa Kipya cha Oveni

Ijumaa asubuhi, nyumba ya Sella huko Gatina, Kawangware, ilinukia vanila. Sella alikuwa amechekecha unga, amevunja mayai na kukoroga keki mpaka mkono ukamuuma.

Kesho yake Phanice, mdogo wake, angefunga ndoa katika kanisa moja la Laini Saba, Kibera. Watu walimshauri Phanice anunue keki dukani. Alikataa katakata.

"Keki yangu itapikwa na dada yangu," alisema. "Ama nitakata chapati mbele ya watu."

Oveni ya Sella ni ya stima, ile ndogo ya kukaa mezani. Wiki hiyo aliifumia kitambaa kipya, cheupe, chenye nyuzi ndefu pembeni. Katika nyumba hiyo televisheni ina kitambaa. Viti vina vitambaa. Oveni nayo ingekaa uchi kwa nini?

Sella alikivuta kitambaa kwa haraka, akakitupa kwenye kiti. Akachomeka plagi, akawasha swichi ya ukutani, akazungusha kitufe cha joto. Oveni ikanyamaza. Taa yake ndogo haikuwaka.

"Baba Whitney!" aliita. "Oveni haiwaki!"

Mumewe, Walubengo, ni seremala. Vitanda vyake ni imara, sikatai. Lakini ana ugonjwa mmoja. Kitu chochote kikiharibika, yeye ndiye fundi.

"Tokeni za stima zimeisha," alisema.

"Si balbu hiyo inawaka!"

"Basi ni soketi."

Alileta waya wa extension, ule uliobeba televisheni, friji na simu zote za nyumba. Akachomeka oveni hapo. Oveni ikakaa kimya vilevile.

"Waya imekatika huko ndani," alisema Walubengo. "Wacha niifungue."

"Wewe, hii si kitanda!"

"Mama Whitney, mimi ni fundi."

"Fundi wa mbao!"

Simu ya Sella ikalia. Alikuwa Phanice. "Sasa dada? Keki iko aje?"

"Iko poa," alidanganya Sella. Alikata simu, machozi yakimlengalenga. Keki ikishakorogwa haipendi kungoja. Ikikaa sana haiumuki. Na mumewe alikuwa amepiga magoti mbele ya oveni, bisibisi mkononi, akipiga mluzi. Ule mluzi ulimuudhi Sella kuliko oveni yenyewe.

Kelele zao zilimfikia Magdaline, jirani wa ghorofa ya chini. Magdaline, au Mama Osewe, huoka mikate katika bekari moja huko Kibera. Alipanda ngazi, akasukuma mlango, akaona bisibisi. Hakusalimia mtu. Alizima swichi na kuchomoa plagi kwanza.

"Baba Whitney, kesho tunaenda harusi ama mazishi?"

"Mazishi ya nani? Si oveni imekufa?"

"Nani amekwambia imekufa? Oveni inaweza kataa kuwaka na stima bado iko ndani. Ungegusa mahali mbaya, ungerushwa mpaka kwa hiyo ukuta."

Walubengo aliweka bisibisi chini polepole.

"Rudisha hiyo skrubu umetoa," alisema Magdaline. "Tunaanza na vitu rahisi. Mama Whitney, leta pasi."

Sella alichomeka pasi kwenye soketi ya ukutani. Ikapata moto.

"Sawa. Soketi ni nzima," alisema Magdaline. Kisha akaishika plagi ya oveni, akaigeuza na kuinusa. Haikuwa imeungua. Akaukagua waya wote kwa macho. Haukuwa umechubuka popote.

"Sasa hii kitufe ya chini ni ya nini?"

"Ya saa," alijibu Sella. "Siigusangi. Natumia saa ya simu. Tangu tununue oveni, hiyo kitufe imekaa tu pale mahali pa kuwaka bila kuzima."

"Leo iko kwa sifuri. Saa ikiwa sifuri, oveni inajua imemaliza kazi. Hata uzungushe joto namna gani, haiwezi kuwaka."

"Na ni nani ameizungusha?" aliuliza Sella.

Magdaline aliinama. Kwenye kitufe kulikuwa na uzi mweupe umejisokota. Wote watatu wakageuka kukitazama kitambaa kipya pale kwenye kiti.

"Umenipigia kelele asubuhi yote," alisema Walubengo, "kumbe ni wewe ulivuta kitambaa."

"Na wewe ulitaka kuifungua kama kabati! Nyamaza tu!"

Magdaline alichomeka oveni ukutani, akawasha swichi, akazungusha kitufe cha saa. Taa ndogo ikawaka. Sella alipiga makofi, kisha akakimbilia sufuria za keki.

"Hiyo extension msiiwekee oveni tena," alisema Magdaline. "Oveni inakula stima nyingi. Waya itapata moto mpaka ichome nyumba. Na kitambaa, usifunike oveni ikiwa na joto. Kama bado ingekataa, tungeita fundi wa stima. Si wa vitanda."

Keki iliumuka. Upande mmoja ulibonyea kidogo kwa sababu ya kungoja, lakini Sella aliufunika kwa krimu.

Jumamosi, Laini Saba, keki ilisimama mezani juu ya kitambaa kile cheupe. Walubengo aliombwa kusema neno. Sella alifumba macho.

"Jana nilianza kuifungua oveni ya hii keki na bisibisi," alisema Walubengo. "Plagi ikiwa ndani, stima ikiwa on."

Watu wakacheka. Yeye hakucheka.

"Mama Osewe ndiye alichomoa. Asingekuja, leo mngekuwa mnanililia, si kula keki. Wenye mko na bisibisi nyumbani, chomoeni plagi. Halafu mwite fundi."

Kicheko kikaisha. Phanice alikata kipande cha kwanza. Bwana harusi alikuwa ameshafungua mdomo. Phanice akampita, akaenda mpaka kwenye viti vya nyuma alikokaa Magdaline, akamlisha kwa mkono wake.