Panga Tatu za Mzee Hachisuka

Saa mbili na dakika arobaini asubuhi, siku ya sikukuu ya tarehe tatu Novemba, Mzee Hachisuka Tokuji alisukuma mlango wa sebule ya wageni, akazihesabu panga zake, akazihesabu tena, kisha akaanguka mkekani. Binti yake Chizuru, aliyekuwa jikoni akikoroga supu, alisikia kishindo akaja mbio na mwiko mkononi.

"Baba! Moyo?"

"Moyo gani! Upanga! Upanga wa babu yangu haupo!"

Jana jioni aliziacha tano, zimelala juu ya viweko vyake kwenye kitambaa cheupe: panga nne ndefu na jambia moja fupi. Sasa zilikuwa tatu. Upanga wa babu ulikuwa umetoweka, na jambia pia. Majirani na marafiki walikuwa wamealikwa saa tano kuja kuziangalia na kumuaga mzee, kwa sababu kesho yake alikuwa anakwenda hospitali mjini Gifu kupasuliwa moyo. Daktari hakumung'unya maneno: bila upasuaji, mwaka mpya wataushangilia wengine.

"Basi siendi," alisema mzee akiwa bado kwenye mkeka. "Mpaka upanga wangu urudi, mtu asinitajie hospitali."

Chizuru akapiga simu polisi. Hakupiga kwa ajili ya upanga, alipiga kwa ajili ya baba yake.

Inspekta Kuzuhara Mitsue alifika saa tatu na dakika tano, na uso wa mtu aliyeitwa kazini siku ya mapumziko. Alikuwa mwanamke wa makamo, mfupi, mwenye tabia ya kumshuku kila mtu. Mumewe alishaacha kumletea maua, maana kila akileta anaulizwa amefanya kosa gani. Katika mji wa Seki, ambako nusu ya watu wanaishi kwa visu na mikasi, kesi za vyuma zilikuwa zimemchosha.

"Nani aliingia humu tangu asubuhi?" aliuliza.

Hesabu ilikuwa fupi. Iwakiri Sohei, msugua panga, rafiki wa mzee tangu utotoni, alifika saa moja kusaidia maandalizi. Bwana Tarui, mfanyabiashara wa vitu vya kale, alifika saa mbili. Chizuru alilala hapo hapo. Mzee mwenyewe alikuwa bafuni hadi saa mbili na nusu. Jirani wa mbele alikuwa anafagia majani barabarani tangu alfajiri, na bibi yule hata paka akipita lazima amuulize anakwenda wapi. Aliapa kwamba hakuna aliyetoka.

"Basi upanga umo humu," alisema Kuzuhara, "na mwizi pia yumo, anatunywea chai."

Aliitazama sebule kwa muda mrefu. Jambo moja lilimkera. Panga tatu zilizobaki hazikuwa na mapengo kati yake. Mtu alikuwa amezisogeza, akazipanga upya kwa nafasi sawa, mipini yote kushoto kama inavyotakiwa, na viweko viwili vitupu akavisimamisha vizuri pembeni. Mwizi gani huyo anayepanga vyombo?

Konstebo wake alipekua nyumba nzima. Chumba kimoja kilikuwa na kabati la sala, lenye picha ya Fumie, marehemu mke wa mzee, na bakuli la wali wa asubuhi aliotengewa. Konstebo aliinamisha kichwa kwa heshima, akapita. Lakini kwenye kabati la magodoro aligonga kitu.

"Afande! Jambia hili hapa!"

Lilikuwa ndani ya mfuko wake wa hariri, na kamba yake imefungwa fundo lile lile linalofungwa na watu wanaojua. Kuzuhara aliligeuzageuza fundo lile.

"Mtu anayeiba kwa haraka hafungi hivi," alisema. "Leteni Tarui."

Bwana Tarui alikuwa na suti ya kijivu na kucheka kwingi. Gari lake pale nje lilikuwa na nambari 44-44, na kwa Kijapani nne hutamkwa kama kifo; Kuzuhara alianzia hapo hapo.

"Nambari ya mauti mara mbili. Walikupa kwa adhabu?"

"Niliiomba mwenyewe, Inspekta! Hakuna foleni, nilipewa siku ile ile. Na mteja akishaiona hanisahau."

"Huogopi?"

"Nne inakuja baada ya tatu, basi. Ningeogopa kila nambari ningeuza nini?"

"Ulitaka upanga wa babu."

"Nani Seki hii hautaki? Nimembembeleza mzee mpaka ulimi umeota sugu. Leo nimekuja mapema kumbembeleza tena."

"Na ule mfuko mrefu kwenye gari lako?"

Kicheko cha Tarui kikakatika. Konstebo aliuleta mfuko, mrefu, mwembamba, umefungwa zipu. Chizuru, aliyekuwa mlangoni, akamkazia macho mfanyabiashara kana kwamba angemng'ata. Kuzuhara akafungua zipu. Ndani kulikuwa na fimbo ya kuvulia samaki.

"Nilimwambia mke wangu nakwenda kazini," alisema Tarui kwa sauti ndogo. "Tafadhali, hilo lisifike nyumbani."

Kuzuhara hakumwamini, ila hakuwa na cha kumshikia. Akamgeukia Chizuru, ambaye alikuwa mwalimu wa fizikia huko Nagoya, na ambaye alijibu maswali kwa namna ya kuyasahihisha.

"Jana jirani alikusikia ukisema utazitupa panga hizi mtoni."

"Nilisema. Na nikiudhiwa leo nitasema tena. Baba anazifuta vumbi kila siku, dawa zake anasahau."

"Kumbe una sababu."

"Ya kuzitupa zote, Inspekta. Siyo moja."

"Mligombana kwa sababu gani hasa?"

"Tarehe. Kesho ni tarehe nne. Baba alitaka ya tano, akasema nani anakwenda kupasuliwa siku ya nne, si bora ajichimbie kaburi kabisa. Lakini daktari bingwa yupo tarehe nne tu. Nikamwambia moyo wake hausomi kalenda." Akanyosha mkono kuelekea jikoni. "Humu ndani hakuna sahani nne, hakuna vikombe vinne. Nikiwa mdogo nikiwa na penseli nne ananinunulia ya tano. Mimi nimechoka na nambari. Nataka baba."

Kuzuhara akaandika, akauliza kama kwa bahati, "Huo upanga wa babu, mzee aliutazama lini mara ya mwisho?"

"Miezi imepita. Ulikuwa kwa Mjomba Sohei unasuguliwa. Umerudi juzi ndani ya ala yake, na baba akaapa hatauchomoa mpaka leo mbele ya wageni."

Mjomba Sohei, yaani Iwakiri, alihojiwa varandani. Viganja vyake vilikuwa vimekwajuka kwa maji ya vinoo. Alikuwa mcheshi, na ucheshi huo ulimtia Kuzuhara mashaka zaidi.

"Tokuji huyu," alisema Iwakiri, "ukimpa karanga nne anakurudishia moja. Tangu shuleni namcheka."

"Wewe huamini nambari?"

"Mimi naamini jiwe na maji. Nambari ni nambari."

"Unadhani nani kachukua?"

"Sijui, Inspekta. Kesho ataenda hospitali?"

"Anasema haendi. Uliingia sebuleni asubuhi?"

"Niliingia, nikatandaza mito ya wageni kukalia, nikatoka. Lakini si mtamlazimisha? Binti yake si anaweza kumlazimisha?"

"Jambia tumelikuta kwenye kabati la magodoro."

"Ndiyo," alisema Iwakiri. "Na huko hospitali, wakichelewa siku moja, daktari atamngoja?"

Kuzuhara akafunga daftari. Aliomba aachwe peke yake varandani, akachukua kwenye sinia tunda la rangi ya chungwa liitwalo kaki, akalila polepole. Akayakumbuka maswali yao ya asubuhi: Tarui aliuliza upanga una thamani gani sasa kama umekwaruzwa. Chizuru aliuliza kama baba amekula. Iwakiri, ambaye mikono yake ilikuwa imeuhangaikia upanga ule kwa miezi, hakuuliza hata mara moja ulipo. Na kusikia habari ya jambia hakukumshtua.

Hata hivyo, hilo halikumfunga mtu. Tatizo lilibaki jambia. Mwizi alitaka upanga mmoja, akaupata. Kwa nini ahangaike na kijambia cha bei rahisi, akifunge vizuri kwenye hariri, akiweke mahali ambapo kitapatikana mchana huo huo? Akatema mbegu, akahesabu kwa vidole. Tano, toa moja. Vidole vinne vilikuwa vimesimama mbele ya macho yake.

"Kumbe!" alisema kwa sauti.

Ilipokaribia saa tano aliwaita wote watatu sebuleni, akawaketisha kwenye mito. Kisha yeye mwenyewe akatoa jambia kwenye mfuko, akaliweka juu ya kiweko chake, pembeni mwa panga tatu. Akarudi nyuma kutazama.

"Konstebo, mlete mzee. Nataka azione panga zake kabla hatujaenda."

Tarui alitazama saa. Chizuru alitazama mlango, akitega sikio kusikia hatua za baba yake. Iwakiri alitazama kitambaa cheupe, na jasho likamtoka kwenye paji la uso, na baridi yote ile ya Novemba.

"Inspekta," alisema. "Hilo jambia liondoe."

"Kwa nini? Ni lake."

"Liondoe tu, nakuomba."

"Mzee Iwakiri, zimebaki nne. Nambari ni nambari, si ndivyo ulivyosema?"

Hatua zilisikika kwenye korido, nzito, zinazovutwa. Iwakiri alisimama kwa pupa hata akakanyaga mto wa Tarui, akalinyakua jambia na kulisukumia ndani ya koti lake.

"Siyo leo!" alipiga kelele. "Mtu anakwenda kupasuliwa kesho, tena tarehe nne, mnamwekea nne mbele ya macho? Mna roho gani?"

Mlango ukasukumwa. Mzee Hachisuka alisimama pale akiwa ameegemea bega la konstebo.

"Sohei," alisema. "Unafanya nini na jambia langu?"

Kuzuhara ndiye aliyesema, taratibu, na bila furaha yoyote.

"Mwizi alitoa mmoja kati ya tano. Bwana Tarui asingejali, anatembea na nne kwenye bampa. Binti yako asingejali, tarehe aliikubali yeye. Aliyelificha jambia alikuwa anakuogopea wewe, mzee. Alikuibia, na bado hakuweza kukuachia nne. Iwakiri, upanga uko wapi?"

Iwakiri alitoka, wakamfuata hadi chumba cha sala. Alipiga magoti mbele ya picha ya marehemu, akainama, akapitisha mkono nyuma ya kabati, akautoa upanga katika ala yake ya mbao nyeupe.

"Nilimwomba Fumie aniwekee," alisema. "Mpaka utoke hospitali."

Mzee aliuchomoa. Akauelekeza kwenye mwanga wa dirisha, akaupitishia macho polepole kuanzia kwenye mpini. Katikati ya ubapa, mahali ambapo chuma kilipaswa kung'aa, kulikuwa na baka la kijivu lililofifia, pana kama kidole gumba.

"Kulikuwa na kidoa cha kutu," alisema Iwakiri. "Kidogo tu. Nilitaka uuone hauna doa hata moja kabla hujaenda. Nikasugua. Nikaongeza jiwe moja. Ngozi yake ya chuma kigumu ilikuwa imebaki nyembamba, Tokuji, na mimi nilijua, na nikaongeza. Chuma cha ndani kikatokeza. Hakirudi tena, hata nifanye nini." Akainama mbele ya mzee. "Nikasema akiuchomoa leo mbele za watu, moyo utasimama hapo hapo. Nitamwambia akishapona. Na niseme kweli yote, niliona aibu. Maisha yangu yote mnaniletea panga zenu, na wa kwako ndio nimeuua."

"Mpumbavu wewe!" Sauti ya mzee ilitoka na nguvu ambayo Chizuru hakuwa ameisikia tangu kiangazi. "Karne ngapi umepita kwenye mikono ya watu! Vita umepita! Moto umepita! Haya, umekuja kufia kwako! Na badala ya kuniambia, unanifichia nyuma ya mke wangu!"

"Baba, moyo," alisema Chizuru.

"Niache na moyo wangu! Inspekta, andika kesi."

Kuzuhara alikohoa. "Mzee, upanga umepatikana, na ninyi ni marafiki. Ukiondoa malalamiko, mambo yanaishia hapa."

"Nani kasema naondoa? Andika! Wizi, uharibifu, na unafiki kama upo kwenye sheria. Nitakuja mwenyewe nimtazame usoni akijibu. Wataniita lini?"

"Kwa mambo yalivyo, sidhani kabla ya Februari."

"Februari." Mzee aliurudisha upanga kwenye ala, akapatia mara ya kwanza. Alimtazama rafiki yake aliyeinama hadi paji la uso likagusa mkeka. "Umesikia, Sohei? Februari. Na ole wako ufe kabla."

"Nitakuja," alisema Iwakiri bila kuinua kichwa. "Na wewe je?"

Mzee alimgeukia binti yake, ambaye sasa alikuwa analia waziwazi na ule mwiko ameuchomeka kwenye mfuko wa aproni.

"Chizuru, unalia nini? Begi langu la hospitali liko wapi?"