Chupa Kumi na Nne za Shangazi Mwamvita

Kila asubuhi kabla ya shule Mwanne alifagia uwanja, akachota maji bombani, kisha akaingia chumba cha ndani kuzitoa gesi chupa. Hiyo ya mwisho ndiyo kazi aliyoipenda! Baba na mama walikuwa wamehamia kijiji cha ujamaa upande wa Isikizya, naye akabaki Tabora mjini kwa Shangazi Mwamvita ili asome.

Mwaka ule soda ziliadimika madukani, kwa hiyo wenye harusi walimkimbilia Shangazi. Alichemsha maji kwa tangawizi na maganda ya danzi, lile chungwa chungu, akayaacha yapoe, akatia asali na kijiko cha chachu aliyoilea kwenye kopo. Kisha akajaza chupa, akaziba kwa mpira na kukaza waya. Siku mbili tu, maji yanatoa povu yenyewe!

"Lakini gesi haina adabu," Shangazi alionya. "Kila asubuhi legeza waya, isikie pssss, halafu kaza. Ukiiacha, chupa inapasuka."

Jumanne walijaza chupa kumi na nne za harusi ya Ijumaa. Kesho yake, njiani kwenda shule, Getruda wa darasani kwao alimcheka Mwanne.

"Maji ya shangazi yako nimeyanywa, hata puani hayapandi! Uji wa mama una kishindo kuliko hayo!"

Wenzao wakaangua kicheko. Mwanne, ambaye asubuhi ile alikuwa amechelewa na kuziacha chupa, akajiambia: basi, nitaziacha na kesho, gesi izidi. Watauona moto!

"Umezitoa gesi?" Shangazi aliuliza Jumatano.

"Ndiyo, Shangazi."

Alhamisi akauliza tena. "Ndiyo, Shangazi."

Mchana ule, joto kali la kabla ya mvua, Shangazi alikuwa uwanjani akipepeta mchele. Mwanawe mchanga, Mfaume, alilala kwenye mkeka chumba cha ndani, ng'ambo ya chupa. Mwanne ndio kwanza anarudi kutoka shule.

Paa!

Mtoto akalia. Shangazi akaruka hadi mlangoni.

"Chupa moja mbovu hiyo," alisema, mkono tayari kwenye pazia. "Zingine si umezitoa gesi asubuhi?"

Mwanne alifungua kinywa. Sauti haikutoka.

Paa! Ya pili.

"Mwanne! Umezitoa au hukuzitoa?"

"Sikuzitoa! Na jana sikuzitoa! Usiingie hivyo, Shangazi, zitakutoboa macho!"

Shangazi alisimama kama aliyepigwa kofi. Kisha akalikimbilia godoro la sufi lililoanikwa juani, akalikumbatia mbele ya uso, akaingia.

Mwanne alibaki nje, mikono kichwani. Paa! Paa! Hakuona kitu. Alisikia vioo tu, na mtoto akilia. Mara kilio kikakoma. Akaanza kumwomba Mungu, maneno yakamchanganyikia.

Pazia likasukumwa. Shangazi akatoka kinyumenyume, Mfaume kwapani akinyonya kidole, godoro limejaa vipande vya kioo.

Wakaketi uwanjani. Majirani wakaja, wakasimama mbali.

"Tukazifungue zilizobaki?" Mwanne aliuliza.

"Kwa mkono wa nani?"

"Basi tuzimwagie maji baridi."

"Nani atapita mlango ule?"

Hakukuwa na la kufanya. Kila chupa ilipopasuka, maji yenye harufu ya tangawizi yalichuruzika hadi barazani, na Mwanne akajikunja. Mpaka adhana ya alasiri, hakuna iliyobaki.

Jioni walikwenda pamoja kwa Bi Mwanajuma, mama wa bibi harusi. Mwanne alieleza mwenyewe. Bi Mwanajuma akaguna, akashika kiuno, mwishowe akasema, "Wageni watakunywa maji ya danzi na asali, bila gesi. Ndoa haifungwi na povu."

Njiani Mwanne alisema, "Nisamehe, Shangazi. Nimekumalizia chupa."

"Chupa zitatafutwa," Shangazi alijibu, akimpandisha Mfaume mgongoni. "Uongo wako ulinipeleka hadi mlangoni, ukweli wako ukanirudisha. Ndiyo maana bado nakuona. Lakini sikiliza, mwanangu: mtu akikosea, aseme papo hapo, hata kama sauti inakataa. Wewe ulingoja chupa ya pili. Je, kama mimi nisingeingoja?"