Sefu Iliyojaa Manung'uniko

Veronika alifika kwenye ghala la zamani la ushirika giza likianza kuingia, na alifika amefura. Waliomwona akikatiza soko la Tukuyu, kitenge kimekazwa kiunoni, walimpisha njia. Mama wa ndizi kutoka Kyimo leo hakuwa na salamu ya mtu.

Na angekuwa na salamu ya nini? Mumewe Jacob hajamaliza hata mwaka kaburini, na Erasto, mdogo wa marehemu, keshaswaga ng'ombe, keshachukua baiskeli, keshang'oa hata bati za banda la kuku. "Mali ya kaka yangu," ndio wimbo wake. Juzi kaingia ndani mchana kweupe, kavunja sanduku la bati lililokuwa uvunguni, kakomba pesa ya ada ya Tulia. Tulia, mtoto wao wa pekee, aliyefaulu kwenda sekondari pale Kyimo wasichana wengine wote wamebaki! Jamani, mwizi wa kumtoa yatima shuleni ni mwizi wa namna gani huyo?

Veronika alikuwa ameanza kuweka akiba upya, mkungu kwa mkungu. Safari hii ingelala kwenye chuma.

Ushirika wenyewe ulishakufa. Siku hizi kila mwenye mzani ni mnunuzi, na ghala lile alikuwa amelichukua tajiri mmoja wa Dar aliyelijaza redio, magodoro na masanduku ya chuma. Aliyebaki wa zamani ni Nsajigwa, mtunza stoo, mzee mpole mwenye koti refu.

"Ndaga, mama," alimsalimu. "Unataka sefu. Njoo, lakini usichague kwa macho." Akagonga moja mpya, inayong'aa rangi. Ililia kama debe. "Umesikia? Hii vijana wawili wanaitia begani, wanaenda kuipasulia porini. Na hii nyingine ni ya namba. Ukizisahau, umejiibia mwenyewe."

"Na ile?"

Ilikuwa kwenye kona. Ya kijani, nzito, inamfika kifuani, mkono wake wa shaba umelika kwa kushikwa. Nsajigwa hakugeuka kuitazama.

"Ile achana nayo."

"Imebandikwa bei."

"Kabandika tajiri. Hajui." Mzee akashusha sauti. "Ilikuwa ya mweka hazina wetu. Wakulima walikuwa wanasimama mbele yake wakidai malipo yao, wanaambiwa rudini kesho. Hawakugomba, mama. Walinung'unika tu. Chini chini, midomo imefungwa. Wewe ni mtoto wa huku, unajua hayo yanaleta nini."

"Mbepo," alisema Veronika.

Alijua. Huko kwao kila mtoto anajua: watu wakikukasirikia kimyakimya, pumzi yao inageuka baridi, inakuja kukulalia mwilini, na hakuna blanketi la kuitoa. Dawa ni moja tu. Wenye hasira waiseme mbele za watu, wateme maji, iishe.

"Yule bwana alikufa saa sita mchana, jua linawaka, meno yanagongana," alinong'ona Nsajigwa. "Hakuna aliyemsemea wala kumtemea maji. Mimi naona yale manung'uniko hayakwenda naye. Yamebaki humo."

Veronika akacheka, kicheko cha hasira. "Mzee wangu, mimi ninayo yangu kifua kizima. Yatakutana humo yasalimiane. Ufunguo upo?"

"Upo."

"Basi."

Alipoifungua ilimpiga harufu ya udongo mbichi, udongo wa kaburi lililochimbwa asubuhi. Kitu cha baridi kikampitia shingoni.

Haaa...

Alijiambia ni upepo wa mlangoni.

Wanaume waliibeba kwa miti hadi kwenye pikapu, wakaishusha Kyimo, wakaijengea kwa saruji chumbani kwake. Erasto alikuja kuchungulia. Aliizunguka, akaipiga teke, akaondoka akichechemea, na Veronika aliona raha ambayo hakuwa ameionja tangu msiba.

Tangu siku hiyo, kila jioni akitoka gulioni alipiga magoti mbele ya sefu, akafungua, akaweka pesa. Kanisani walikuwa wamemchosha na "samehe, mama, samehe", naye huko alikuwa anaitikia kwa kichwa tu. Hapa hapakuwa na mchungaji. Akaingiza uso ndani ya ule weusi, akanong'ona.

"Erasto mwizi. Erasto mla yatima. Ukose raha, Erasto. Ukose usingizi."

Akafunga. Ndani kikasikika kitu kikivuta pumzi, taratibu.

Haaa...

Asubuhi noti zilikuwa na unyevu, za baridi kama ngozi ya chura. Hakujali. Jioni nyingine alinong'ona, akanyamaza, na sefu haikunyamaza. Iliendelea yenyewe. Ilikuwa sauti yake, na nyuma yake sauti za wanaume, nyingi, nzito, midomo imefungwa.

Erasto... Erasto... Erasto...

Mwenye akili angekimbia. Veronika alileta kigoda ili asikilize vizuri.

Haikupita muda, habari zikaenea. Erasto anaota jua amejifunika mablanketi. Erasto anakaa karibu na moto mpaka magoti yanaungua, na bado anatetemeka. Sindano za hospitali hazikusaidia. Veronika aliposikia alimenya ndizi, akala, akaiona tamu kweli.

Kisha wakamleta. Ilikuwa jioni, ukungu umeshuka kwenye migomba. Mkewe Atuganile alimshika upande mmoja, na upande wa pili alikuwa mzee Samson, anayesimamia mambo ya majirani. Shemeji mtu amekauka, midomo ya bluu. Mzee akaweka bakuli la maji uani.

"Mama Tulia," alisema, "kama una neno naye, liseme lote tulisikie. Tukana ukitaka. Halafu utie maji mdomoni, uteme, mtu apone."

Atuganile alipiga magoti. "Nakuomba, mama Tulia. Sema tu."

Veronika alimtazama Erasto. Akawaona wale ng'ombe, akaliona lile sanduku lililovunjwa. Aseme ili apone? Apone aende wapi, kuvunja tena? Akainua kidevu, akatoa sauti ya kanisani.

"Mimi sina kinyongo na shemeji. Nilishasamehe."

Akachukua maji, akayatema chini. Pwaa!

Mzee Samson hakuinuka upesi. "Maji umeyatema," alisema, "maneno umeyameza. Ukiidanganya mbepo hivyo, mama, haikai bure. Itatafuta damu ya karibu."

Wakaondoka na mgonjwa wao. Veronika akaingia jikoni akiimba pambio.

Tulia alikuwa ameinama motoni. Karibu mno na moto.

"Mama," alisema, "mbona baridi hivi?"

Midomo yake ilikuwa ya bluu.

Damu ya karibu. Erasto na Jacob wametoka tumbo moja, na Tulia ni wa Jacob. Veronika alikuwa amelisahau hilo kwa hasira! Alikimbilia chumbani, ufunguo ukamponyoka, akauokota, akafungua. Udongo wa kaburi ukamjaa puani. Sauti zilikuwa zinaendelea, zile zile, na yake ikiongoza.

Lakini jina lilikuwa jingine.

Tulia... Tulia... Tulia...

Alitoka mbio hadi uani, akasimama akielekea nyumba ya Erasto ng'ambo ya migomba, akapasua koo.

"Erasto! Mwizi wewe! Umekula ng'ombe wa marehemu, umekula ada ya mtoto! Sijakusamehe! Nimedanganya mbele za watu, sijakusamehe, nakuchukia, nilitaka ufe! Nilifurahi ukitetemeka, unasikia? Nilifurahi!"

Majirani walitoka na taa. Aliendelea mpaka maneno yakamwishia, akajaza maji mdomoni, akayatema kwa nguvu zote. Jikoni Tulia akashusha pumzi, akasogea mbali na moto.

Mngedhani yameishia hapo. Erasto naye alipona. Jumapili ile akaja kanisani amechana nywele, akacheka mbele ya watu wote: "Nilijua tu shemeji ataniachilia!" Ng'ombe hata mmoja hakurudisha. Hata bati moja! Mchungaji akamkaripia Veronika kwa matusi yake, naye kwa aibu jioni hiyo akafunga mdomo.

Kabla ugali haujaiva Tulia alikuwa anatetemeka.

Hapo akaelewa. Hasira yenyewe ilikuwa haijaisha, ingeishaje, mwizi anapita mlangoni na baiskeli ya marehemu? Kwa hiyo kila jioni ilibidi aitoe. Wanaume aliowaita kuvunja saruji waliigusa sefu mara moja, wakachukua nyundo zao wakaenda. Nsajigwa alisema hata bure hairudishi. Kanisani wakamtenga. Kyimo wakampa jina la Redio, kwa kuwa kila jua likizama anafungua: "Erasto, mwizi wewe!" Watoto wakacheka. Erasto mwenyewe akazoea, akawa anaitikia kwa mluzi.

Veronika hakujali. Tulia alikuwa anavaa sare, anakwenda sekondari, ada imelipwa, pesa ya muhula ujao imelala kwenye chuma na hakuna aliyeigusa.

Mpaka masika yalipoingia, akanyeshewa gulioni siku nzima. Jioni alisimama uani mahali pake pa siku zote, akavuta pumzi, akafungua mdomo.

Haikutoka sauti.

Akajaribu tena. Koo lilikwaruza tu, kama jani kavu la mgomba. Akajipiga kifua. Akachota maji akayatema, akachota akayatema, machozi yanamtoka, na ng'ambo ya migomba Erasto akapiga mluzi akingoja tusi lake.

Nyuma yake, ndani ya nyumba, bawaba ikalia. Ufunguo ulikuwa kiunoni mwake.

Haaa...

"Mama," aliita Tulia kutoka chumbani, "umeacha sefu wazi? Mbona baridi hivi?"