Kitu Kilichokunywa Umeme

Asubuhi ya tatu tangu ainunue ile pikapu, Melkiori aliikuta taa yake ya ndani inawaka, ilhali betri alikuwa ameitoa jana yake na kuiweka kwenye chaja juu ya meza ya gereji. Alisimama akaitazama. Taa ikafifia polepole, kama mtu anayefumba macho, kisha ikazimika.

Hakumwambia mkewe. Apolonia alikuwa nesi, ametoka zamu amechoka, na Melkiori mwenyewe alijipa moyo kwamba magari ya zamani yana mambo yake. Ilikuwa pikapu ya mwaka tisini na nne, nyeupe, bodi safi. Aliinunua Pearland, karibu na Houston, kwa Mtanzania mwenzake aitwaye Humphrey, ambaye walizoea kukutana kwenye misiba na harusi. Humphrey aliisifia kwa maneno mawili matatu, akamkabidhi ufunguo bila kumtazama usoni.

Basi ikaanza kukata umeme. Anaendesha vizuri tu, mara dashibodi yote inakufa, redio kimya, injini kimya, gari linaserereka lenyewe hadi pembeni ya barabara. Akishuka na kufungua boneti, kabla hajagusa kitu, umeme unarudi. Melkiori alibadilisha betri. Akasugua vichwa vya nyaya. Akafunga altaneta mpya. Haikusaidia. Ilikuwa inakata mchana, jua likiwa la utosi, na kila ikikata, matundu ya kiyoyozi yalitoa harufu ya udi ulioloa maji.

Jumamosi akamwita rafiki yake Nicodème, Mrundi aliyekuwa fundi umeme wa malori kule Arlington. Pikapu waliiegesha mbele ya nyumba, hapo Mansfield, boneti juu. Queen, binti wa Melkiori wa miaka sita, alikaa mlangoni akichora.

"Kuna kitu kinakunywa moto wa bateri wakati gari imelala," Nicodème alisema akiunganisha mita ya kupimia umeme. "Nitatoa fyuzi moja moja. Ile nitatoa namba ianguke, ugonjwa uko pale."

Akatoa ya redio. Namba haikuanguka. Akatoa ya taa, ya honi, ya vioo, akazipanga juu ya kitambaa, mpaka boksi likabaki matundu matupu. Namba ilikuwa palepale. Kisha ikaanza kupanda taratibu, ikatulia, ikashuka taratibu, ikatulia. Melkiori alijikuta anavuta pumzi pamoja nayo.

"Ndugu yangu," Nicodème alisema kwa sauti ya chini, "unaona?"

"Kuna waya unagusa bodi mahali."

"Waya haipumui."

Akazichomoa nyaya za mita kutoka kwenye betri, akazishika hewani, mbali na kila chuma. Namba ikaendelea kupanda na kushuka.

Hapo mlango wa pikapu ukajifunga. Haukupigwa kwa nguvu. Ulifungwa kwa utaratibu, kama anavyofunga mtu mwenye adabu. Melkiori akageuka kutazama pale alipokuwa Queen, akaona penseli na karatasi peke yake. Alipolitazama gari alimwona binti yake amekaa kiti cha abiria, mikono mapajani, uso ameuelekeza kwenye kiti cha dereva kisichokuwa na mtu, midomo ikienda kama anayejibu maswali.

Alivuta kitasa, akazunguka akavuta cha upande wa pili, akarudi, akapiga kioo kwa kiwiko, akachukua spana kubwa ya Nicodème akapiga nayo, na spana ikarudi bila kuacha hata mchubuko, na wakati anapiga aliona vioo vinaanza kuingia ukungu kwa ndani, halafu ukungu unaganda kuwa barafu, katika joto la digrii mia na tatu za Farenhaiti lililokuwa linaichoma lami chini ya viatu vyake, mpaka uso wa mwanawe ukapotea na kikabaki kiganja kimoja kidogo kilichobanwa kwenye kioo, na pembeni yake, juu kidogo, kiganja kingine, kikubwa, chenye vidole virefu kuliko vya mtu.

Apolonia alitoka nyumbani miguu peku. Aliliona gari, akarudi ndani, akatoka na simu.

"Nampigia Maalim Shekue," alisema.

Maalim Shekue alikuwa mzee wa Tanga anayeishi Lewisville; Waislamu na Wakristo walikuwa wakimwita kwenye mambo ambayo hospitali haiyajui. Apolonia alimweleza kwa sentensi tatu, akaweka spika.

"Tazameni ndani ya boneti," sauti ya mzee ilisema. "Kuna kitu kimefungwa."

Nicodème alipapasa nyuma ya boksi la fyuzi, akauondoa mkono haraka kana kwamba ameungua. Ndani ya tita la nyaya kulikuwa na hirizi ya kitambaa cheusi. Injini ilikuwa ya moto, lakini hirizi ilikuwa baridi kama nyama iliyotoka kwenye friza.

"Msiikate wala msiichome," Maalim alisema. "Niwekeni simu karibu na kioo."

Akasoma. Alisoma muda mrefu, kwa sauti ya kawaida, kama anayembembeleza mtu aliyekasirika. Barafu ikalainika, ikatiririka. Mlango ukafunguka.

Queen alikuwa anatetemeka, kucha za samawati. Babake alipomuuliza alikuwa na nani, alijibu kwa Kiingereza, kama kawaida yake, kwamba ni mama wa gari. Mama huyo anasikia baridi sana, alisema, na amemwomba akae naye.

"Huyo ni jini mlinzi," Maalim alisema simuni. "Amefungwa kwa jina la mtu, na huyo mtu ndiye wa kumchukua. Mkikata kamba, atachagua mwenyewe pa kukaa. Na mtoto ameshamjua."

Siku mbili Queen alilala chini ya mablanketi manne. Hospitalini walimpima kila kitu wasione ugonjwa, ila joto la mwili lilikuwa linashuka kidogo kila saa. Jumatatu alfajiri, Apolonia akiwa kitandani na mtoto, Melkiori na Nicodème waliipakia pikapu kwenye trela wakashika barabara ya Houston.

Humphrey alifungua mlango, akaiona pikapu, wala hakushangaa.

"Niliibiwa magari matatu," alisema. "La nne nikaagiza mlinzi kutoka nyumbani. Halikuguswa tena na mtu. Halafu binti yangu Abigail akaanza kusikia baridi."

"Ukanipa mimi," Melkiori alisema. Njia nzima alikuwa ameikunja ngumi yake, na sasa hakuwa na nguvu ya kuinyanyua. "Ulijua nina mtoto."

"Nilijua."

Ndani ya nyumba mtoto wa kike alicheka. Humphrey aliinamisha kichwa. Akaingia, wakamsikia anaongea na mkewe kwa kunong'ona, mkewe analia. Baadaye mwanamke alitoka na Abigail na begi moja, akaingia kwenye gari lake, akaondoka bila kuwaaga.

Humphrey alilitazama gari lile mpaka likapotea kwenye kona. Wakaishusha pikapu, wakaisukuma hadi gerejini. Akafungua mlango wa dereva, akaita jina ambalo Melkiori hakulirudia tena maishani mwake, akasema, "Nimekuja. Nipo peke yangu."

Ufunguo ulikuwa mkononi mwa Nicodème, lakini dashibodi yote iliwaka. Kiyoyozi cha nyumba kikakohoa, kikanyamaza.

Simu ya Melkiori iliita. "Ametupa blanketi," Apolonia alisema. Alikuwa analia. "Anataka maji ya barafu."

Mwezi Agosti Nicodème alipeleka lori Houston, akapita Pearland, kwa kuwa moyo ulimsumbua. Alimkuta Humphrey amekaa kwenye kiti katikati ya uwanja wake, saa saba mchana, juani, amevaa koti zito la baridi na kofia ya sufu. Nicodème alisimamisha gari akashusha kioo amsalimie.

Humphrey aliinua mkono kumzuia asishuke.

"Pita, kaka," alisema, na mvuke ukamtoka kinywani. "Usizime injini hapa."