Nilinyamaza Siku Ndugu Yangu Aliponihitaji

Nina miaka arobaini na mitatu. Nina mke, watoto wanne na duka la vyakula mjini Koboko. Ukiniona nimekaa nje ya duka langu utasema huyu mtu ametulia... Wasomaji wenzangu, sijatulia! Huu ni mwaka wa pili tangu tumzike ndugu yangu mkubwa, na sijapata hata siku moja ya amani.

Aliitwa Candia. Wazazi wetu walifariki mimi nikiwa mdogo, yeye akiwa kijana wa miaka kumi na saba. Aliacha shule ili mimi nisome. Alianza kwa kubeba muhogo mkavu kwa baiskeli kutoka kwetu Pajulu hadi soko la Arua. Baadaye akanunua gari kuukuu. Mwisho akawa na maghala mawili, moja Arua na jingine Koboko, na unga wake ukavuka mpaka ukaliwa hadi Sudani Kusini.

Msidhani alikuwa tajiri wa kujivuna. Jumapili baada ya kanisa alijifunga kitenge cha mkewe kiunoni, akapika maharage mwenyewe huku watoto wakimcheka. Sokoni Koboko walimchagua kuwa mwenyekiti wa wafanyabiashara mara tatu bila mpinzani. Mtu akifiwa, Candia yupo. Wakimbizi wakifika na virago vyao, Candia ndiye anayewatafutia meza ya kuuzia nyanya. Nyumbani aliitwa Baba, na sokoni pia aliitwa Baba!

Na mimi je? Mimi nilikuwa ndugu wa Candia. Basi. Hata jina langu watu walilisahau. "Ndugu ya Candia iko wapi?" Ndivyo walivyoniulizia. Maneno hayo yalinichoma polepole... Wivu, jamani! Wivu hauna kelele.

Wakati huo mwenye kiwanja walichokuwa wakiuzia akina mama wa samaki wakavu alitaka kukiuza. Candia akanichukua tukaenda kumwona nyumbani kwake, mtaa wa Oli, Arua. Nilikuwa nimekaa palepale kando yake, nikinywa chai. Kwa masikio yangu nilimsikia akiomba, akibembeleza, wale mama wapewe angalau muda hadi mavuno. Karibu apige magoti!

Lakini aliyetaka kukinunua kile kiwanja alikuwa mfanyabiashara mmoja, nitamwita Leku. Yeye ndiye aliyeeneza sokoni kwamba Candia amekubali kiwanja kiuzwe, amewauza wale mama. Kisha akaja dukani kwangu. Aliniambia kwamba Candia akianguka, kiti ni changu, na kazi yangu ni moja tu, kunyamaza.

Jumamosi asubuhi tukakusanyika mbele ya ghala la Koboko. Mama Sabina, muuza samaki ambaye wenzake wote humsikiliza, alisimama.

"Mzee, tunasikia wewe ulituuza. Ni kweli?"

"Mimi nilienda kuomba, mama. Sikuenda kuuza," Candia akajibu. Mwenye kiwanja alikuwa amesafiri kwenda Kampala, kwa hiyo shahidi nilikuwa mimi peke yangu. Akanigeukia. "Ndugu yangu iko hapa. Tulikuwa na yeye. Sema tu, ndugu yangu. Sema kile ulisikia."

Watu wote wakanitazama.

"Mimi nilibaki nje kwa gari," nikasema. "Sikusikia kitu."

Hakukasirika. Afadhali angenipiga! Alinitazama kama mtu aliyekuta mgeni ndani ya nyumba yake. Akavua kofia, akaweka ufunguo wa ofisi ya chama cha wafanyabiashara mezani, akaondoka kwa miguu.

Nikapata kiti. Kilinisaidia nini? Wiki tatu baadaye wale mama waliondolewa, na Leku akaanza kunipita barabarani kana kwamba hanijui. Candia naye alijifungia Pajulu. Presha ikampanda. Siku moja akaanguka ndani ya ghala la Arua, akapelekwa hospitali.

Mkewe, Ayikoru, alinipigia simu. "Shemeji, kuja leo. Anakuuliza wewe."

Nikamwambia nina mkutano, nitakuja kesho. Mkutano gani? Sikuwa na mkutano wowote! Niliogopa macho yake tu. Alfajiri simu ikalia tena... Ndugu yangu hakuwepo tena.

Mazishini walijaa watu wa Arua, wa Koboko, hata kutoka ng'ambo ya mpaka. Mimi, kwa niaba ya ukoo, nikapewa kipaza sauti nieleze maisha yake. Nikamsifu hadi watu wakalia. Niliposhuka, Ayikoru alinisogelea.

"Umesema vizuri, shemeji. Maneno haya ungempa siku ile kule sokoni, angesikia."

Nikamuuliza kama Candia ndiye aliyemweleza.

"Yeye? Aliniambia wewe ulikuwa mgonjwa siku ile. Lakini hospitalini, hali ilipomzidia, alikuwa akirudia tu: sema, ndugu yangu, sema."

Sauti yangu na yake zinafanana. Siku nilipopeleka sukari Pajulu, nilibisha hodi, na binti yake mdogo akatoka mbio akipiga kelele, "Baba!" Aliponiona akasimama ghafla, akarudi ndani. Tangu hapo sibishi hodi tena pale. Nasimama kimya uani mpaka mtu anione. Na nikiwa peke yangu dukani, huwa naisikia sauti ile: sema, ndugu yangu... Nani ninayemsikia, yeye au mimi?

Mwishowe nilirudi sokoni, nikawakusanya wale mama, nikasema ukweli wote na kuacha kiti. Nilidhani watanitukana. Mama Sabina aliniangalia tu.

"Sasa pole tumpe nani, na mzee amekufa? Wewe?"

Wakabeba mabeseni yao, wakaenda.

Wasomaji wenzangu, nawasihi! Ukijua neno litakalomsafisha mtu, litamke akiwa bado amesimama mbele yako. Na kama yuko ndugu uliyemkosea, acha kusoma sasa hivi, nenda kwake. Akikufukuza, kubali kufukuzwa. Anayekufukuza yuko hai, na kesho unaweza kumrudia. Mimi ningetoa duka hili na vyote vilivyomo, nifukuzwe mara moja tu na Candia.