Ukimya wa Nyumba ya Kokwijuka

Mwaka wa Operesheni Vijiji, mdogo wangu Protase alirudi Kanazi ndani ya Landrova ya serikali, ametoka masomoni Dar es Salaam. Mimi nilikuwa uani namenya ndizi za mchana. Majirani walikimbilia migombani wakidhani ni wale wa kuhamisha watu. Kumbe ni mtoto wa kwao, amevaa suruali pana chini, shingoni amening'iniza hedifoni. Nilicheka mpaka kisu kikanidondoka.

"Ndiyo usomi huo?" nikamwuliza. "Kuziba masikio?"

"Dada Alistidia, haya madude hayazibi. Yanafungua."

Alikuwa amesomea mambo ya sinema: kamera, taa na sauti. Jioni ile ile akatufundisha, maana Protase hakuweza kujua jambo akalala nalo. Alichukua sinia la bati, akalikinga juani mpaka mwanga ukaingia jikoni ukampiga Mawe usoni. Mawe ndivyo tulivyomwita mama yetu. Akasema uso ukimulikwa kwa mbele tu unakuwa bapa kama chapati, lazima mwanga mwingine utoke ubavuni. Mawe akamwambia aache kumpofusha, ndizi zinaungua.

Kisha akaleta la ajabu zaidi. Eti kila mahali pana ukimya wake, nao hurekodiwa. Picha zikiisha kupigwa, watu wote wananyamaza, fundi wa sauti anaunasa ukimya wenyewe, ili baadaye ujazie pale mkanda unapokatwa.

"Mnarekodi kitu ambacho hakipo?" Mawe akauliza.

"Kipo, Mawe. Ukivaa hizi utakisikia."

Mawe hakucheka. Nyumbani kwetu tulilelewa kwa sharti moja: ukiitwa na mtu usiyemwona, usiitike. Nyamaza mpaka umwone. Mwenye nia njema atafika mlangoni. Mwingine akikosa jibu, atapita zake. Sasa huko masomoni walimfundisha kinyume chake. Kiongozi akiita jina la fundi wa sauti, fundi anaitika papo hapo, "Inazunguka!", yaani mkanda unakwenda. Ukichelewa, unaharibu kazi ya watu wote.

"Nimegombezwa mpaka nimezoea," Protase akajisifu. "Siku hizi naitika hata nikiwa usingizini."

Mawe akageukia chungu chake.

Baada ya siku chache Protase na wenzake wa sinema wakaondoka kwenda Muleba kutengeneza filamu ya kijiji kipya cha ujamaa, nami nikachukuliwa kuwapikia. Kiongozi wao, ambaye ndiye aliyeshika kamera, alikuwa Yunus, kijana wa Tanga, mpole, tena mcheshi. Kijiji chenyewe kilijengwa rweya, kwenye ile nyika yetu ya majani matupu, nyumba zimepangwa mistari. Yunus akataka na picha ya maisha ya zamani, ili watazamaji walinganishe. Mwenyekiti wa kijiji, mzee Byarugaba, akatupeleka kwenye kibanja, shamba la migomba lililoachwa, katikati yake nyumba ya nyasi ya msonge imeanza kuinama.

"Ni kwa nani hapa?" nikamwuliza njiani.

Akateremsha sauti. "Kwa bibi Kokwijuka. Siku ya kuhama alikuwa mgonjwa. Tulisema tutamrudia. Mvua ikanyesha, kazi zikawa nyingi. Tulimkuta mlangoni." Akatembea kidogo. "Wachunga ng'ombe walimsikia akiita. Aliita jina la kila mtu. Wao wakadhani yuko na watu."

Ilikuwa alasiri, jua zuri kabisa. Ndani ya msonge mlikuwa na giza, kwa hiyo nikapewa ubao uliobandikwa karatasi ya kung'aa niurudishe mwanga ndani. Nikauona moto uliozimika zamani, na kata imening'inia. Hakuna kingine. Yunus akapiga picha zake, akaridhika.

"Haya, sasa ukimya," akasema.

Tukanyamaza. Protase alikuwa amechuchumaa mlangoni na mashine yake, maikrofoni ameielekeza ndani, macho amefumba. Mara akainua shingo.

"Inazunguka!"

Yunus akashusha pumzi. "Protase bwana, umeharibu. Nani kakuita?"

"Si wewe?"

"Mimi sijafungua mdomo."

Na kweli. Nilikuwa namtazama usoni muda wote.

Protase akarudisha mkanda nyuma, akatoa sauti nje ili kila mtu asikie. Upepo kwenye migomba. Inzi. Kisha sauti ya kikongwe, karibu kabisa na maikrofoni, sauti ya mtu aliyechoka.

"Protase."

Tukangoja jibu la Protase. Wote tulikuwa tumelisikia kwa masikio yetu. Kwenye mkanda halikuwepo.

Byarugaba akavaa kofia yake akaondoka bila kuaga. Yunus akasema mashine ina hitilafu. Akamwambia Protase aseme chochote. Protase akahesabu, akasali Salamu Maria yote. Mshale wa kupima sauti kwenye mashine haukutikisika. Yunus akakohoa tu, mshale ukaruka. Akaufuta mkanda ule mbele yetu, tukasikiliza tena. Upepo ulikuwa umefutika. Inzi wamefutika. Bibi alikuwepo.

"Protase."

Safari hii alikuwa karibu zaidi.

Tulirudi Kanazi kesho yake. Mwanzoni ilikuwa mashine tu isiyomsikia. Tukajipa moyo, mashine ni chuma. Halafu watu wa barabarani wakaanza kumwambia, "Ee waitu, ndugu yetu, sema kwa nguvu." Halafu sisi wa mezani. Yeye alisema koo haliumi, kwamba anaongea kama siku zote, na sisi ndio tumekuwa viziwi. Aliposema hivyo nilikuwa nimeinama kusoma midomo yake.

Tulihangaika, jamani. Hospitali ya mjini wakamulika koo, wakasema ni zima. Padre akaja na maji ya baraka. Mganga wa Buhembe alipokea kuku, akasikiliza kisa hadi mwisho, kisha akamrudisha kuku. Hilo ndilo lililonivunja. Mganga kurudisha kuku!

Mwishowe ni Mawe peke yake aliyemsikia, tena kwa kuweka sikio mdomoni pake. Baadaye naye hakusikia. Protase akawa anakaa kwenye mkeka uani, kichwa ameinamisha upande, kama alivyokuwa anakaa na zile hedifoni. Nikimgusa bega, anashtuka, ananionyesha kwa mkono ninyamaze. Alikuwa anasikiliza kitu. Nami nifanyeje? Nilinyamaza.

Alikufa mchana, hatua mbili nyuma yangu. Nilikuwa nimempa mgongo, namenya ndizi. Nilipogeuka nikamkuta amejikokota mpaka karibu na sketi yangu, mkono amenyoosha, mdomo wazi. Aliniita. Najua aliniita, tena mara nyingi, maana vumbi lilionyesha alipoanzia. Padre aliniambia si kosa langu, na ni kweli si kosa langu. Lakini hilo halinisaidii ninapomenya ndizi.

Tulimzika kibanjani, karibu na baba.

Mwaka uliofuata Yunus alikuja Kanazi na gari la sinema. Alifika kwanza nyumbani, akalia kaburini, akatuomba radhi. Akasema filamu imekamilika na jina la Protase limeandikwa mwanzoni. Mawe akataka kuliona. Basi jua lilipozama tukaenda uwanjani, tukakaa kwenye majani pamoja na kijiji kizima, watoto mbele.

Jina lake likatokea kwenye shuka jeupe, watu wakapiga makofi. Zikaja ngoma, majembe, nyumba za mistari. Watoto wakacheka kumwona Byarugaba anatembea. Kisha ukaja ule msonge, na mwanga wangu mlangoni.

Ngoma zikakatika.

Yunus, mpaka leo, anaapa kwamba pale aliweka ngoma.

Uwanja mzima ukanyamaza, hata watoto. Upepo kwenye migomba. Inzi. Kisha sauti niliyoilea mwenyewe mgongoni, safi, ya karibu, ya mtu aliyechoka.

"Mawe."

Nikaziba mdomo wangu kwa mkono. Mkono wa pili nikampelekea Mawe mdomoni. Yeye ndiye aliyetulea na lile sharti. Yeye alilijua kuliko mimi. Akanitazama, akaushika mkono wangu taratibu, akaushusha mapajani pake.

"Mawe."

"Nipo, mwana wange," akaitika. "Nipo hapa."

Ngoma zikarudi. Watu wakaendelea kutazama.

Asubuhi nilikuwa jikoni napuliza moto. Kivuli kikaniangukia, nikageuka. Mawe alikuwa amesimama mlangoni, amevaa kitenge chake cha kanisani, ametulia. Midomo yake ikacheza.

"Mawe," nikamwambia, "sema tena."

Akasema tena. Nje jogoo akawika, nikamsikia jogoo.