Nani Ameshika Rimoti?

Jumamosi ile Mtaa wa Congo ulikuwa umefurika watu wa sikukuu, na Severa ndiyo kwanza alikuwa amemaliza kupanga vitenge mlangoni pa duka, kimoja juu ya kingine mpaka vikamfika kifuani. Mara likapita roli la waya begani kwa kijana mmoja mrefu, likavikumba vyote chini.

"We kaka, huna macho?"

"Ninayo, dada. Ndiyo yaliyoniponza. Nilikuwa nakuangalia wewe."

Jina lake Heriel, fundi wa madishi, shati la bluu limepauka mabegani kwa kushinda juu ya mapaa. Aliokota, akakung'uta, akakunja kimoja kimoja, na kabla hajamaliza alishajua kwamba Severa ni wa Marangu kama yeye, na kwamba nyumba anayopanga kule Magomeni ina chumba kitupu. Wiki ya pili akahamia. Bongo hiyo, mambo hayalali.

Nyumba ilikuwa ya Bi Waridi, mjane wa Kizaramo asiyetaka utani na kuta zake. "Ukitoboa ukuta wangu, hata kwa msumari, unahama," alimwambia. Basi Heriel alipoleta king'amuzi chake, kile kinachorekodi vipindi, alipitisha waya mmoja tu darini, akamshushia Severa picha chumbani kwake. King'amuzi kimoja, televisheni mbili: anachotazama Heriel ndicho anachotazama Severa. Mapenzi yao yalikulia hapo.

"Toa mpira huo bwana," Severa humpigia simu akiwa kitandani.

"Dakika kumi tu, mpenzi."

"Dakika kumi zako nazijua. Toa, au kesho unakula kwa mama ntilie!"

Picha hubadilika papo hapo, naye hucheka peke yake.

Miezi minane ikaenda hivyo. Halafu Severa akashikwa na malaria, akabaki nyumbani siku ya kazi, kitu ambacho hakikuwahi kutokea. Saa tisa alasiri, amejigubika khanga, televisheni ikahama yenyewe kutoka kwenye kwaya hadi kwenye tamthilia ya Kihindi. Bibi harusi wa sari nyekundu analia.

Severa akainuka. Heriel ameaga tangu asubuhi, yuko bandarini anafunga dishi kwenye ofisi ya watoa mizigo. Akapiga simu.

"Uko wapi, baba?"

"Bandarini, juu ya paa. Umekunywa dawa?"

"Chumbani kwako kuna nani?"

Heriel akakohoa kwanza. "Awepo nani? Si nimefunga?"

Kile kikohozi ndicho kilichommaliza. Kwenye kioo cha televisheni ikatokea orodha ya vipindi vilivyorekodiwa: tamthilia ileile, kila siku, wiki mbili nzima. Heriel, mtu wa mpira na taarifa ya habari, arekodi tamthilia ya Kihindi? Ndipo jina likamjia. Darshana! Darshana wa duka la vifaa vya umeme Msimbazi, mwenye kipini puani na kicheko kisichoisha, ambaye wiki mbili tatu nyuma alimpigia Heriel, Severa akasikia kwa masikio yake: "Mzigo wako umefika. Njoo mwenyewe, usitume mtu."

Akatoka na homa yake, akasimama mlangoni kwa Heriel. Kufuli linaning'inia nje. Mwenye akili timamu angesema ndani hamna mtu. Severa akasema: amemfungia.

"Darshana! Toka nikuone!"

Akagonga mpaka kiganja kikamwaka moto. Bi Waridi akachungulia kutoka chumbani kwake, akauliza kulikoni, akaambiwa si kitu, akarudi ndani harakaharaka. Kesho yake saa tisa, tamthilia tena. Kesho kutwa, tena. Heriel akileta supu, Severa anageukia ukutani.

"Una nini, mama?"

"Homa."

Homa gani! Roho ilikuwa inamuuma hadi supu ikawa chungu. Ijumaa akampigia Shangazi Angelina wa Kimara, aliyemlea, ambaye ndiye wa kupokea posa yake.

"Shangazi, mtu yeyote akija kwa jina la Heriel, usimfungulie mlango."

"Umefikiri vizuri, mwanangu?"

"Nimefikiri." Hakuwa amefikiri hata chembe.

Jumapili Bi Waridi akatoka na dera jipya la zambarau, udi ukinukia mpaka barabarani, bila kusema aendako. Saa tisa kasoro akarudi uso umekunjamana, akajifungia bila salamu. Mara Heriel akasimama mlangoni kwa Severa, jasho linamtoka, funguo mkononi.

"Severa, nimekukosea nini?"

"Kamuulize Darshana! Huyo unayemfungia chumbani aangalie tamthilia za kwao!"

Heriel akafungua kinywa, na hapohapo televisheni ikahama. Sari nyekundu.

"Huyo! Si huyo yumo ndani!"

Akampokonya funguo, akakimbia, akafungua kufuli. Kitanda kimetandikwa. Jezi ukutani. King'amuzi kinawaka taa. Hamna mtu, na kwenye kioo orodha inajisogeza yenyewe, kipindi kwa kipindi.

Severa akamgeukia Heriel. "Rimoti ameshika nani?"

"Yangu hii hapa. Ya pili anayo mwenye nyumba." Heriel akaonyesha darini. "Nimeugawa ule waya, tawi moja linashuka kwake. Kwenye televisheni yake nimefunga kijicho kidogo cha kupokea rimoti. Akibonyeza kule, amri inarudi na waya huohuo mpaka kwenye king'amuzi. Hicho kijicho ndicho mzigo wa Darshana."

"Sasa ulinificha nini?"

"Nilitaka mshenga, Severa. Bi Waridi akakubali, ila kwanza apate tamthilia yake chumbani, na nisikwambie neno mpaka posa ifike. Leo ameipeleka Kimara. Hakufunguliwa mlango."

Hasira hasara. Severa akaenda kupiga magoti mlangoni kwa Bi Waridi.

"Shikamoo, mama."

Marahaba haikutoka. "Mtu mzima mimi, nimesimamishwa juani majirani wa watu wananitazama!"

"Ni wivu wangu, mama. Nilidhani ndani kwa Heriel kuna mwanamke."

"Kumbe mwanamke mwenyewe mimi?" Bi Waridi akajishika kiuno, akajizuia, akashindwa, akacheka hadi mtandio ukamdondoka. Kisha akakaza uso. "Lakini siendi tena mpaka aliyenifukuza aniite mwenyewe."

Severa akapiga simu, akaiweka sauti ya juu.

"Shangazi, nilikosea. Mwite mshenga arudi."

"We mtoto! Juzi nisifungue, leo nifungue. Sitaki kubahatisha tena. Nitajie kwa kinywa chako, nimfungulie nani?"

Severa akamtazama Heriel, shati lake lililopauka, vumbi la dari kwenye nywele zake. Machozi yakamtoka mbele ya watu.

"Mfungulie mume wangu, Shangazi."